Mabomba Kumi na Mawili Kila Jumatatu

Jumatatu, tarehe 20 Oktoba 1975, saa moja na robo asubuhi, fundi Fransisko aliteremka kwenye trekta mbele ya ghala la mradi wa maji wa Kwedilongo. Trekta hilo alikuwa nalo Magoma tangu mwezi wa nane, akilaza mabomba ya mradi mwingine, na sasa zamu ya Kwedilongo ilikuwa imewadia. Alimkuta mzee Mwinjuma, mlinzi wa usiku, anakung'uta mkeka wake tayari kurudi nyumbani. Wakaamkiana. Fransisko akagusa mlango tu, kufuli likaanguka miguuni pake. Lilikuwa limekatwa.

Kwa mujibu wa taarifa zote za mradi, ndani ya ghala lile mlikuwa na mabomba themanini na manne ya chuma, kila moja urefu wa futi ishirini. Fransisko hakuona hata moja. Aliona magogo yaliyotandazwa chini ili mabomba yasilale kwenye udongo, mifuko miwili ya saruji, na buibui.

"Mzee, mabomba yako wapi?"

"Si humo ndani?"

"Humu ndani hamna kitu."

Mzee Mwinjuma alicheka kwanza, akidhani anataniwa. Kisha akaingia, akapapasa magogo kwa mikono miwili, moja baada ya jingine, na kicheko kikamkauka.

Saa tano alikuwa rumande mjini Handeni. Polisi walimwuliza swali moja tu la maana: jana jioni ulipoingia zamu, kufuli lilikuwa zima? Akaapa kwamba lilikuwa zima, alilihakiki mwenyewe, na usiku kucha hakusinzia wala hakuondoka. Basi, kama kufuli lilikuwa zima jioni na limekatwa asubuhi, na yeye hakusinzia wala kuondoka, mwizi ni nani? Mzee wa miaka sabini alikuwa amejifunga kamba mwenyewe na ncha yake akaikabidhi serikali. Alhamisi angefikishwa mbele ya hakimu, na mali ya wananchi siku zile haikuwa jambo la kuonywa na kuachiwa.

Mpelelezi wa Handeni alikuwa likizo, kwa hiyo akaletwa mtu kutoka Korogwe: Inspekta Msaidizi Yordani Shemboko, Msambaa mrefu, kichwa kimejaa mvi, mwenye tumbo bovu lililomlazimisha kunywa maziwa wenzake wakinywa chai. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa wake miaka yote: ukimpa taarifa, hata iwe imepigwa chapa na kugongwa muhuri, lazima aende akaone kwa macho yake. Ndiyo maana hakupanda cheo upesi. Kwa maoni yangu ndiyo maana pia alistahili kupanda, lakini mimi sikuulizwa.

Aliwasili Jumanne saa tatu, akaenda moja kwa moja rumande na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Wewe ndiye uliyetoka Korogwe?"

Shemboko, mwenye wajukuu wawili, hakusahihisha. Akaweka kikombe kwenye benchi. Mkono wa mzee ukatambaa juu ya ubao polepole mpaka ukakigusa.

"Jumapili jioni ulifika ghalani saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasorobo. Kama kila siku."

"Na kufuli ukalihakiki vipi?"

"Nililishika. Likawa limefungwa."

"Ndani ya ghala umewahi kuingia?"

"Niingie kufanya nini? Ufunguo anao Mhina, karani wa mradi. Yeye yuko pale mchana, mimi usiku. Ghala lenyewe halina hata dirisha, lilijengwa na wenye mkonge zamani hizo. Mimi nalinda mlango, mwanangu. Cha ndani nakiamini."

"Mabomba yakiletwa uliyaona?"

"Yakiletwa mchana nitayaona vipi? Mimi mchana nimelala, na kijiji kiko maili nzima kutoka pale. Mhina akinikuta jioni huniambia, 'Mzee, leo yameingia kumi na mawili mengine.' Nami namwambia alhamdulillahi, maji yako njiani."

"Mzee, kama kuna kitu unanificha, kinakufunga."

Mzee Mwinjuma akanywa chai yake yote. "Sina cha kuficha," akasema mwishoni, na Shemboko aliyekwishasikiliza waongo kwa miaka ishirini na mbili akajua kwamba hapo kuna uongo. Ila haukuwa uongo wa mwizi. Ulikuwa uongo wa mtu mwenye haya.

Kutoka hapo Shemboko akavuka barabara hadi Ofisi ya Miradi ya Maji. Meneja wake, Bwana Sadala, alikuwa mtu safi, mchapakazi, asiyekula rushwa wala kuchelewa kazini, na mwenye kuamini kwamba dunia nzima ina kasoro hizo mbili isipokuwa yeye. Ukuta wa nyuma yake ulifunikwa na karatasi kubwa yenye miraba. Kila mradi ulikuwa na mstari wake wa rangi ya buluu, na kila Jumatatu mchapaji wake, Hajira, aliusogeza mstari kufuata taarifa ya Jumamosi.

"Nina miradi kumi na tisa, Inspekta," alisema Sadala. "Siwezi kuzunguka kila shimo. Kwa hiyo nimeweka utaratibu. Jumamosi taarifa zinaandikwa, Jumatatu asubuhi ziko mezani. Nikiulizwa na Tanga, nageuza shingo tu, naona tulipo."

"Kwedilongo mlikuwa wapi?"

Sadala akageuza shingo. "Mtaro umekamilika mwezi wa nane. Mabomba ya awali yamelazwa. Themanini na manne ya mwisho yamepokelewa. Kazi iliyobaki ni ya siku tano. Jumamosi hii mkurugenzi wetu anatoka Tanga kuja kufungua maji. Alhamisi saa kumi atapiga simu kuuliza kama tuko tayari. Nitamwambia tumeibiwa, na nitamwambia mwizi amekamatwa. Naomba iwe hivyo."

"Mwenyewe umewahi kuyaona mabomba hayo?"

"Nimeziona taarifa."

Shemboko aliutazama mstari wa Kwedilongo. Tangu mwanzo wa Septemba ulipanda mraba mmoja kila wiki, sawasawa, hapana wiki uliyolala wala kurukia miwili. Mistari mingine yote ukutani ilikuwa na vigugumizi. Alimwomba Hajira faili. Hajira, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye kusema kidogo, akamletea na kusimama kando yake.

Taarifa zilikuwa saba, kuanzia Jumamosi tarehe 6 Septemba mpaka tarehe 18 Oktoba, mwandiko wa Mhina, mzuri kama wa mwalimu. Kila moja ilisema maneno yaleyale: Mabomba 12 yamepokelewa siku ya Jumatatu kwa trekta la mradi na kuingizwa ghalani.

"Kumi na mawili mara saba," alisema Shemboko.

"Themanini na manne," alisema Hajira.

"Dada, Idi mwaka huu ilikuwa lini?"

"Jumatatu. Tarehe sita Oktoba." Hajira alisema hivyo, kisha akainamia faili, akaigusa taarifa ya sita kwa kidole. Sadala alikuwa anaandika, hakuinua kichwa.

Saa nane mchana Shemboko alikuwa ghalani na Mhina. Karani alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, macho mekundu. Kabla hajaulizwa chochote aliuliza yeye.

"Mzee anakula?"

"Anakula."

"Hana godoro pale. Mgongo unamsumbua."

"Jumapili ulikuwa wapi, Mhina?"

"Nilipita hapa mchana. Kisha nikaenda nyumbani. Nilikuwa nyumbani mpaka asubuhi, mama yangu ni shahidi."

Shemboko akachuchumaa mlangoni. Palikuwa na majivu ya moto wa mzee, aliouwasha kila jioni kufukuza mbu, hatua moja kutoka kizingitini. Ilionekana Jumapili asubuhi, kabla ya kurudi nyumbani, alifagia majivu ya usiku uliotangulia, maana tandiko lilikuwa jembamba na jeupe. Shemboko akayasogeza kwa kijiti. Chini ya majivu, juu ya udongo, mlikuwa na vumbi jeusi linalometameta. Akagusisha kidole, akasugua. Unga wa chuma, ule unaodondoka msumeno unapokata.

Akajifuta kidole. Akaingia ndani, akawasha tochi. Magogo yalikuwa kumi, yamelala sambamba. Mchwa wa Handeni hawachezi na mti: walikuwa wamejenga vijia vyao vya udongo kutoka sakafuni, wakapanda ubavuni mwa magogo, wakayavuka juu na kuteremka upande wa pili. Vijia vilikuwa vigumu, vimekauka, vinene kama kidole gumba. Hakuna kimoja kilichopondeka.

"Mabomba yalikuwa juu ya magogo haya?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote," alisema Mhina.

Nje Fransisko alikuwa amekaa juu ya trekta, amenuna. Maaskari walikuwa wamekwisha kumsumbua kwa sababu ana msumeno wa chuma.

"Mgosi," alimwambia Shemboko, akimwita bwana kwa Kisambaa, "kila fundi ana msumeno. Wa kwangu ulikuwa Magoma mpaka jana alfajiri, na mimi nilikuwa nao. Waulize watu wa Magoma, Jumapili nilikuwa nafunga bomba mbele ya kijiji kizima."

"Na trekta?"

"Trekta nalo. Litakwenda wapi bila mimi?"

"Tangu mwezi wa nane halijaja huku hata siku moja?"

"Hata siku moja. Mafuta yenyewe tunapimiwa kwa kikombe."

Shemboko akamshukuru kuliko Fransisko alivyotegemea.

Palikuwa na mtu mmoja aliyebaki kwenye orodha ya polisi, naye ni Rajnikant, mwenye duka na lori pekee karibu na Kwedilongo. Wanakijiji wawili waliliona lori lake likipita barabara ya ghalani Jumapili. Shemboko alimkuta dukani anapima kunde, mkewe Vimla akishona nyuma ya kaunta.

"Nilijua mtakuja," alisema Rajnikant. "Kitu kikipotea, lori la Mhindi limekibeba. Mvua ikipotea mtakuja kulipekua pia."

"Ulikwenda wapi Jumapili?"

"Mazinde. Posa ya Bharti, mtoto wa dada yangu. Tulikuwa tisa kwenye lori, na mama mkwe wangu kwenye kiti cha mbele. Unafikiri mama mkwe wangu angekubali kukaa na mabomba?"

"Hangekubali," alisema Vimla bila kuinua macho.

"Ulipita pale ghalani saa ngapi?"

"Kwenda, saa nane mchana. Nikamwona karani mlangoni, nikampigia honi. Siku zote hunipungia mkono. Jumapili hakunipungia, aliruka kama aliyeumwa na siafu."

Shemboko aliandika: saa nane mchana. Akaomba maziwa, akanywa, akalipa, akaondoka. Alishajua nani aliyekata kufuli na lini. Asichokijua ni mahali ambapo mabomba themanini na manne yanaweza kukaa bila mtu kuyauliza.

Jumatano alipanda basi la asubuhi kurudi Korogwe, ambako mizigo ya Handeni huteremshwa kutoka kwenye treni, na saa tano alikuwa kwenye uwanja wa mizigo wa stesheni. Karani wa mizigo, Bi Swaumu, mama mnene mwenye leso begani, alimtazama kwa shukrani ya ajabu alipolitaja jina la Kwedilongo.

"Hatimaye!" alisema. "Umekuja na gari?"

"Sina gari. Nataka kuona tu."

Alimpeleka nyuma ya banda. Majani yalikuwa yamepanda mpaka magotini, na katikati ya majani yamelala mabomba ya chuma, yamepangwa vizuri, kila moja limeandikwa KWEDILONGO kwa rangi nyeupe. Kuku wa mtu alikuwa ametaga ndani ya mojawapo. Shemboko akayahesabu mara mbili. Themanini na manne.

"Yako hapa tangu lini?"

"Tangu tarehe 22 Agosti. Nimeandika barua tatu kwenye ofisi yao waje wayachukue. Sijajibiwa hata moja. Nikafikiri labda huko Handeni maji yamekuwa mengi, hawayahitaji tena."

Shemboko akacheka, kisha akaacha kucheka. Alimkumbuka mzee kwenye benchi, mkono wake ukitafuta kikombe.

Alhamisi saa tisa alasiri aliwaomba watu watano wakutane ofisini kwa meneja. Sadala alikaa nyuma ya meza yake. Hajira alikaa na daftari lake. Fransisko alisimama dirishani. Mhina alipewa kiti, akakaa ukingoni mwake. Mzee Mwinjuma aliletwa na askari. Hakimu alikuwa ameahirisha kesi mpaka kesho kwa ombi la Shemboko, na alimwambia kwa ukali kwamba haahirishi tena.

"Tuanze na kufuli," alisema Shemboko. "Lilikatwa kwa msumeno, na unga wa chuma ukadondoka chini. Juu ya unga ule kulikuwa na majivu ya moto ambao mzee aliuwasha Jumapili jioni. Kwa hiyo kufuli lilikatwa kabla moto haujawashwa. Mchana."

"Lakini yeye mwenyewe ameapa lilikuwa zima," alisema Sadala.

"Ameapa." Shemboko akatoa kiberiti mfukoni, akakishika mkononi hatua tatu mbele ya mzee. "Mzee wangu, nimeshika nini?"

Mzee Mwinjuma aligeuza uso huku na huku, machozi yakaanza kumlengalenga.

"Kiberiti," alisema Fransisko kwa huruma, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake darasani.

"Mwache ajibu mwenyewe," alisema Shemboko taratibu. "Mzee, aliyekata kufuli alilirudisha mahali pake likaning'inia. Ulilishika kwa mkono, ukahisi liko. Mkato hukuuona. Huoni, sivyo?"

"Naona mwanga," alisema mzee. "Naona mtu akipita kama kivuli. Mwaka wa pili huu. Ningewaambia, wangechukua mlinzi mwingine. Mlinzi kipofu ni wa kazi gani? Nikaona heri niitwe mwizi kuliko niitwe kipofu." Akajifuta uso kwa kanzu. "Sasa nimeitwa yote mawili."

Mhina alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"La pili," aliendelea Shemboko, "ni mabomba yenyewe. Juu ya magogo ya ghalani mchwa wamejenga njia za udongo za majuma mengi, nzima. Huwezi kuinua mabomba themanini na manne juu ya njia hizo usivunje hata moja. La tatu, taarifa zinasema mabomba yaliletwa kila Jumatatu kwa trekta la mradi. Trekta lilikuwa Magoma na Fransisko miezi miwili yote. Na Jumatatu mojawapo ilikuwa Idi. Kwedilongo nzima ilikuwa inakula pilau. Nani aliteremsha mabomba siku ile?"

Shemboko akamgeukia Mhina.

"Hayakuteremshwa. Mabomba yako stesheni Korogwe, jana niliyahesabu. Hayajawahi kukanyaga Kwedilongo. Mhina, sema mwenyewe. Itakuwa nyepesi zaidi ikitoka kinywani mwako."

Kijana alisema akitazama sakafu. "Nilidhani mzee atagundua saa kumi na mbili jioni. Nilikata mchana makusudi, ili ionekane ni wizi wa mchana, zamu yangu mimi, yeye asiguswe. Nilikaa nyumbani nangoja aje kunigongea mlango aniambie kufuli limekatwa. Nilingoja mpaka kukacha. Asubuhi nikasikia amekamatwa, na ameapa. Wallahi, nilitaka kusema. Kila nikifika mlango wa kituo miguu inagoma."

"Na kwa nini uliandika uongo?" alifoka Sadala, akisimama. "Nani alikutuma? Mimi nilitaka kitu kimoja tu kwenu, mniambie tulipo!"

"Niliwaambia," alisema Mhina.

"Uliniambia lini?"

Aliyejibu ni Hajira. Alilifunga daftari lake kwanza. "Tarehe sita Septemba, bwana. Taarifa yake ya kwanza ilisema trekta halijaja na mabomba bado yako Korogwe, anaomba usafiri. Uliisoma, ukaandika juu yake kwa kalamu nyekundu, ukanipa niirudishe. Mimi ndiye niliyeifunga kwenye bahasha."

Mhina akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu. Shemboko akaisoma kwa sauti. "Sitaki visingizio. Nataka maendeleo. Andika upya, irudi leo."

"Nikaandika upya," alisema Mhina. "Nilidhani trekta litakuja wiki ya pili, niyalete yote kwa mpigo, uongo uwe kweli. Halikuja. Wiki ya pili nikaogopa zaidi ya wiki ya kwanza. Nikifikiria kuandika 'hakuna kilichoingia', naona ile nyekundu. Kisha nikasikia mkurugenzi anakuja kufungua maji na Fransisko anakuja kufungua ghala."

"Barua tatu za stesheni pia zilifika," aliongeza Hajira. "Ziko kwenye kisanduku cha kusubiri. Ulisema nikuletee kwanza zenye maendeleo."

Sadala aliketi. Alikuwa amepauka. Aliutazama ukuta wake, mstari wa buluu ulionyooka kuliko yote, ule aliowaonyesha wageni kwa fahari. Nadhani alichoumia zaidi ni kwamba aliupenda kwa moyo wote.

"Inspekta," alisema polepole, "kijana amekiri, sawa. Lakini saa kumi Tanga watapiga. Hebu tuliache kama lilivyo kwa wiki moja tu. Wizi umetokea, uchunguzi unaendelea. Mzee atakaa pale siku chache, nitampelekea godoro mimi mwenyewe. Mabomba nitayaleta kimyakimya. Nikisema leo kwamba kwa wiki saba nimekuwa nawatumia Tanga hewa, kesho mimi si meneja."

"Kesho asubuhi mzee yuko kwa hakimu," alisema Shemboko. "Mimi nitasema nilichokiona. Lakini mimi ni inspekta msaidizi, na taarifa ya wizi imetiwa saini na ofisi yako. Hakimu atakuuliza wewe."

Mzee Mwinjuma aliinua mkono, kama mtu mkutanoni.

"Naomba kuuliza. Ghala lilikuwa tupu tangu lini?"

"Tangu mwanzo, baba," alisema Mhina.

"Kabla ya mwezi wa Ramadhani?"

"Kabla."

Mzee hakukasirika; laiti angekasirika, pengine wote mle ndani wangepumua. "Ramadhani nzima nimefuturu peke yangu pale mlangoni," alisema. "Tende tatu na maji ya kibuyu. Binti yangu wa Misima alinifuata mara mbili, baba njoo ufuturu na wajukuu. Nikamwambia mali ya wananchi haiachwi. Usiku wa kuamkia Idi niliwasikia kijijini wanaleta takbiri. Nikazileta na mimi, kidogo kidogo, peke yangu, nimeegemea mlango." Akatikisa kichwa. "Mngeniambia tu, wanangu. Ningekwenda Misima."

Hajira alikuwa analia waziwazi. Mhina aliteremka kwenye kiti akamshika mzee miguu, na mzee akawa anampapasa kichwa bila kusema amemsamehe au la.

Simu ikalia. Ilikuwa saa kumi kamili.

Sadala aliiacha ilie mara tatu. Shemboko hakumtazama, alitazama dirishani. Ya nne ikapokewa.

"Ndiyo, ndugu mkurugenzi. Shikamoo... Ndiyo, Kwedilongo." Akalowesha midomo. "Hapana, hatuko tayari. Jumamosi msije... Hapana, hayakuibiwa. Nilitoa taarifa ya wizi, naifuta. Hayajafika. Yako Korogwe tangu mwezi wa nane... Ndiyo, nilikuandikieni yamepokelewa, wiki saba. Niliandikiwa hivyo. Aliyeniandikia kweli nilimrudishia karatasi yake."

Sauti ya upande wa pili ilipanda mpaka wote wakaisikia, ingawa maneno hayakusikika. Sadala alisimama akiwa ameshika simu, mgongo wima, akayapokea yote. Hakujitetea hata mara moja, na kwa hilo Shemboko alimheshimu kuanzia dakika ile.

"Naelewa," alisema mwishoni. "Nitaandika mwenyewe barua ya kueleza. Usafiri wa mabomba ndio naomba, nikiwa bado nina haki ya kuomba chochote." Akasikiliza tena. Akamgeukia mzee Mwinjuma, aliyekuwa ameelekeza uso wake kule sauti ilikokuwa inatokea.

"Mlinzi?" alisema Sadala kwenye simu. "Hapana, ndugu. Mlinzi anakwenda nyumbani leo. Tulimwambia alinde, akalinda."